Ukiwa chini ya meza: namna nilivyoishika imani na kulipa madeni kwa daftari moja

Siku niliyojua nimefika mwisho nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya meza yangu ya mchele, sokoni Mwanjelwa, Mbeya, nimevaa sare ya kwaya. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, Machi 2022, na saa kumi nilitakiwa mazoezini. Kijana wa mkopo, hii mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu, alikuwa amesimama upande wa wateja. Kwenye upenyo wa viroba niliona viatu vyake: raba nyeupe, safi kabisa, na ilikuwa masika. Jirani yangu muuza dagaa akamwambia, "Katoka mwanangu, jaribu kesho." Jirani huyo ni Mwislamu wa swala tano, na siku ile alisema uongo kwa ajili yangu mimi mwimba sauti ya pili. Nilibaki pale chini hata raba zilipokwisha kuondoka. Sikuomba. Niliwaza tu kwamba vumbi la mchele litaharibu sare.

Baba watoto alikuwa dereva wa lori la Tunduma. Januari ya mwaka ule alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Waliobaki kula ni watano, aliyebaki kutafuta ni mimi. Yaliyofuata unayajua, maana kama unasoma haya pengine nawe una meza yako ya kujificha. Nitakueleza nilichofanya, kwa utaratibu ambao natamani mtu angenipa mapema. Si utaratibu wa mchungaji. Ni wa muuza mchele.

Kwanza kula, kisha ulale

Soma 1 Wafalme sura ya 19, polepole. Eliya amemkimbia Yezebeli, ameketi chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Angalia malaika anachofanya. Hamhubirii. Hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Anamgusa, anamwambia ainuke ale, na pale kichwani pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kilekile. Maswali yanakuja baadaye, Horebu, baada ya siku arobaini za mwendo. Mungu alimngoja mtu ashibe ndipo amuulize.

Kwa hiyo usiku ule ambao kila kitu kimekuangukia, pika chochote kilichopo, kula, lala. Usiamue neno. Mimi mkopo wa pili, ule ulionimaliza, niliusaini jioni, sijala tangu asubuhi, ili nilipe mkopo wa kwanza. Tangu hapo nina sheria yangu: sisaini karatasi yoyote baada ya jua kuzama wala nikiwa na njaa. Ungeniona kesho yake asubuhi, baada ya chai na kiporo cha ugali, nisingekubali kamwe.

Na kama wewe unachoomba ni kile alichoomba Eliya, yaani ufe, usikae peke yako usiku huu. Mwambie mtu mmoja kwa maneno hayohayo bila kuyapamba, na uende hospitali kama ambavyo ungeenda na homa kali. Nabii wa Mungu alifika hapo. Si aibu na si upungufu wa imani.

Maombi yawe mafupi, hata yawe malalamiko

Watu watakuambia ufunge, ukeshe, upambane. Mwenye nguvu hizo na apambane. Mimi nilikuwa namgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili, mkesha nilikuwa nao tayari. Ombi langu kwa miezi kama mitatu lilikuwa maneno mawili: "Bwana, unaona." Nililisema nikifua mashuka, nikivuka barabara pale Kabwe, nikipima mchele.

Usiogope kulalamika mbele zake. Zaburi ya 13 inaanza kwa "hata lini", na katika aya mbili za kwanza swali hilo linarudi mara nne. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna "lakini namshukuru Bwana" mwishoni. Wazee waliokusanya Zaburi waliiona, na hawakuitoa. Siku ambazo sikuweza kuimba na kwaya bila kujiona mnafiki, niliisoma hiyo ya 88, nikaona kumbe nimo ndani ya Biblia, sijatoka.

Kusoma nako, punguza. Sisi Wamoravian tuna desturi ya neno la siku. Ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, wakati kiongozi wao Zinzendorf alipowapa ndugu mstari mmoja wa kushika siku nzima, ukapelekwa nyumba hadi nyumba. Kitabu cha kwanza cha mistari hiyo kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731, na wamisionari wao walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa watu waliokwisha kuzoea kuishi hivyo, mstari kwa siku. Nilipokuwa msichana niliona ni dini ya wavivu. Siku za taabu nikaelewa. Mstari mmoja unauweza ukiwa umechoka; sura tatu zitakufanya ujione mwenye dhambi kwa sababu tu ulisinzia.

Daftari

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wa kanisani tunapopita mbio.

Katika 2 Wafalme sura ya 4 kuna mjane wa mmoja wa wana wa manabii. Mumewe alikuwa mcha Mungu, amekufa, ameacha deni, na mwenye kudai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Hiyo ndiyo kausha damu ya zamani. Elisha anamuuliza maswali mawili: nikufanyie nini, na una kitu gani nyumbani? Mama anajibu kama tunavyojibu sote: sina kitu. Halafu anakumbuka, ila chupa ya mafuta.

Mimi nilisikia hadithi hiyo tangu shule ya Jumapili na sikuwahi kuona kwamba muujiza unaanza kwa kuhesabu vitu vya ndani.

Nilinunua daftari la kurasa 32 na kalamu. Ukurasa wa kwanza niliandika madeni yote, kila mmoja na jina lake. Fanya hivyo hata kama mkono unatetemeka, wangu ulitetemeka. Yangu yalikuwa hivi: mkopo wa kwanza, umebaki 310,000. Mkopo wa pili, 250,000. Kikoba, 480,000. Mzee wa Mbarali aliyenipa gunia mbili za mchele kwa mali kauli, yaani nichukue kwanza nilipe nikishauza, 520,000. Shemeji, 150,000. Mangi wa dukani, 68,000. Shule, 54,000. Nikajumlisha mara tatu: 1,832,000.

Nilikaa nikiitazama ile namba, na utashangaa nikikuambia nilipumua. Kichwani mwangu deni lilikuwa milioni tatu, siku nyingine nne. Usiku linaongezeka. Kwenye karatasi halikuweza kuongezeka bila mimi kuandika.

Ukurasa wa pili andika ulichonacho nyumbani. Usiandike unachotamani kuwa nacho, wala mtaji ambao mjomba aliahidi. Mimi niliandika: meza ya soko, mizani, jiko la mkaa, sufuria tatu, kuku wanne, kiroba cha chenga. Chenga ni ule mchele uliovunjika, unaobaki ukipepeta. Nilikuwa nazo kama kilo ishirini kwenye kona, nazitunza kwa ajili ya kuku. Usiku wa pili nikaamka saa nane kumgeuza mgonjwa, na nikiwa nimemshika bega nikawaza: vitumbua.

Kikaango cha vitumbua sikuwa nacho, niliazima kwa jirani. Ndoo ya kuumulia nikaazima kwa mwingine. Ukirudi kwenye ile sura utaona Elisha alimwambia mama akaazime vyombo vitupu kwa majirani zake wote, wala asitake vichache. Unajua aibu ya kuazima chombo kitupu? Kila mtu anakuuliza unaenda kuweka nini, nawe huna cha kujibu.

Chenga unaziosha mara nne, maana mawe yote ya gunia yanajificha humo. Unaziloweka tangu mchana, unazisaga, unatia hamira, sukari, iliki kidogo, unaacha ziumuke usiku. Ila Mbeya ya Juni si Dar es Salaam, usiku kuna baridi ya kukausha mikono, na unga hauumuki. Wiki ya kwanza ya Juni nilitupa ndoo nzima ikiwa imelala kama udongo. Ndipo nikachukua koti la safari la baba watoto, lile zito alilokuwa akivaa kupanda mlima usiku, nikaivisha ndoo, nikafunga vifungo, nikaiweka karibu na jiko. Asubuhi unga umepanda umefika kwenye kola. Yeye alikuwa ananitazama kutoka kitandani, akacheka kwa upande ule wa uso uliokuwa unacheka. Kilo mbili zilitoa vitumbua 60 hivi, cha shilingi 200, ni 12,000. Toa mafuta, sukari na mkaa, nabaki na 5,500, siku nzuri elfu sita. Mchele ukatulisha, vitumbua vikalipa.

Elisha hakuchukua hata tone

Niseme jambo ambalo baadhi yenu mtanichukia. Mwezi wa pili wa ugonjwa, kabla ya daftari, nilipelekwa mahali nikanunua chupa ndogo ya mafuta ya upako kwa 20,000, nikaambiwa nipande na mbegu ya 50,000 ili mgonjwa asimame. Mbegu hiyo ilitoka kwenye ule mkopo wa pili. Silitaji jina la mahali, na waliokuwa kwenye foleni walikuwa watu wazuri, wenye shida kama mimi.

Lakini linganisha. Mjane yule alikuwa na mafuta halisi, ya muujiza, vyombo vimejaa nyumba nzima, na akarudi kwa mtu wa Mungu kuuliza afanye nini. Elisha angeweza kusema nipe fungu langu. Alimwambia auze mafuta, alipe deni lake, naye na wanawe waishi kwa kile kitakachosalia. Pesa ilikwenda kwa mdai na kwa watoto, si kwa nabii. Basi kipimo changu ni hicho, nakikopesha bure: mtumishi akitazama shida yako, fedha inaelekea wapi? Ikiwa inatoka mfukoni mwa asiye nacho kwenda kwake, chukua mkoba wako uende nyumbani.

Nenda kwa mdai kabla hajaja

Hili liliniuma kuliko yote. Yesu katika Mathayo 5 anasema upatane na mshitaki wako upesi, mkiwa bado njiani. Mimi njiani nilikuwa najificha. Baada ya wiki tatu za vitumbua nilimwomba mzee wa kanisa wa mtaa wetu anisindikize kwenye ile ofisi ya mkopo. Alivaa koti, akabeba Biblia kwapani, na hakuifungua hata mara moja. Alikaa tu.

Ukienda, nenda na kiasi unachoweza kutimiza hata siku mbaya. Nilisema 3,000 kila siku ya soko, na siku hiyo nikatoa ya wiki nzima mezani. Riba hawakuiondoa. Faini za kuchelewa walizisimamisha, nami nikaomba iandikwe na isainiwe. Baadaye mtu aliyejua sheria aliniambia kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji wa namna ile anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Muulize akuonyeshe, na uombe nakala ya mkataba wako. Kuuliza si ukorofi. Mkristo hapaswi kukimbia deni, lakini si lazima awe kondoo wa kunyolewa hadi ngozi.

Mzee wa Mbarali nilimpigia simu. Nilimsalimia, shikamoo baba, nikamwambia ukweli wote, na kwamba yeye nitamfikia mwezi wa saba. Akanyamaza, nikadhani imekatika. Kisha akasema, "Ungenidanganya ningekuja. Sasa nitangoja." Shemeji yeye alikasirika, mpaka leo hatujakaa sawa. Si kila mdai atalainika kwa sababu umeomba kabla ya kwenda.

Watu wawili tu, na uwaambie unachohitaji

Usilitangaze jambo lako jumuiya nzima wiki ya kwanza. Chagua wawili: mmoja wa kulia naye, mmoja wa kuhesabu naye. Wangu wa kulia alikuwa yule muuza dagaa. Wa kuhesabu alikuwa mama mchungaji, ambaye kabla ya kuolewa alikuwa karani, na aliligonga daftari langu kwa kalamu kama mwalimu.

Wengine watakuja na maneno. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, waliketi naye chini, usiku na mchana, wasinene. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Ukipata wa namna hiyo, wa "Mungu ana makusudi yake", "chunguza umekosea wapi", mpe kazi. Mwambie mama, naomba unisaidie kuteka maji. Wengi wanasema vibaya kwa sababu mikono yao haina shughuli.

Na mtu mwema akikuuliza akuletee nini, usijibu "tuombeane tu". Paulo yuko kifungoni, amekwisha kusema amevipiga vita vilivyo vizuri, anajua anakaribia kufa, na anamwandikia Timotheo amletee lile joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vile vitabu, tena afanye bidii kuja kabla ya wakati wa baridi. Mtume anaomba koti! Nilipoulizwa Julai, nilisema soksi za watoto, jozi nne, na mkaa. Zililetwa jozi kumi na moja.

Isipoisha

Niliomba apone. Kanisa liliomba, muuza dagaa alimwombea dua. Mwezi wa nane wa daftari, Oktoba, baba watoto alifariki, asubuhi, nikiwa nageuza vitumbua. Sina maelezo ya kukupa, na anayekuja kwako na maelezo siku ya tatu ya msiba mwache apite. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimeshazoea kumwambia Mungu "unaona", na siku ile nilimwambia kwa hasira, na bado nilikuwa namwambia yeye.

Baadaye mchungaji alifundisha Yakobo sura ya 1, akasema neno la Kiyunani lililofasiriwa saburi, hupomone, limeunganishwa kutoka maneno mawili, chini na kukaa. Nikacheka kanisani peke yangu, maana kukaa chini nilishakaa, tena kifudifudi. Lakini alieleza kwamba ni kukaa chini ya mzigo, ukiwa umeubeba. Chini ya meza sikuwa nimebeba kitu, nilikuwa mzigo mwenyewe. Na katika sura hiyohiyo, kabla hata jasho la saburi halijakauka, Yakobo anasema mtu akipungukiwa na hekima na aombe, Mungu huwapa wote kwa ukarimu wala hakemei. Hilo "hakemei" nililiandika kwenye jalada la daftari. Nilikuwa nimekemewa na wengi.

Deni la mwisho lilikuwa la Mangi. Alisema mwenyewe tangu mwanzo, "Mama, mimi niweke mkiani," na Aprili ya mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na nne wa daftari, nikamlipa noti ya mwisho, akanipa kipande cha sabuni juu. Kanisani waliniomba nitoe ushuhuda. Nilisimama nikasoma daftari, kurasa kadhaa, tarehe na shilingi, na watu walianza kutazamana wakingoja mahali pa kupiga makofi. Ukurasa mmoja sikuusoma. Ni wa siku niliyorudi sokoni baada ya msiba, nimeuandika kwa penseli, mistari mitatu. Leo sijaomba. Vitumbua 60, vimeisha. Koti limeanza kunuka hamira.